Nyutro haiokoi giaboksi: maneno kwa wenye pikapu za oto

Asanteni, kaeni. Huko nyuma kama hamsikii sogeeni, viti vya mbele vipo, sijui kwanini watu mnaogopa viti vya mbele. Nimeambiwa niongee kuhusu utunzaji wa gari kwa ujumla, lakini wanaonijua wanacheka kwasababu wanajua nitaishia wapi, basi niende huko huko. Pikapu yako ya oto, yaani inayojibadilishia gia yenyewe, ikizima njiani usikubali ivutwe na kamba kwa safari ndefu eti kwasababu umeweka nyutro. Hata ikiwa shemeji yako ndio anakuvuta bure.

Sasa najua kuna mtu hapa anasema moyoni, huyu fundi naye, nyutro si ndio gari inakuwa huru? Ndiyo, iko huru kusukumika. Mimi sijaongelea kusukumika mimi naongelea oili. Ndani ya giaboksi ya oto kuna pampu ya oili, imekaa mbele kabisa, nyuma ya toki konveta, ile inayopokea nguvu ya injini kuipeleka kwenye giaboksi, na kinachoizungusha ni injini. Injini ikizungusha konveta, shingo ya konveta ndio inazungusha pampu. Injini ikizima pampu imesimama, hata gari ikienda mwendo gani. Matairi hayaizungushi hiyo pampu. Ila matairi yanazungusha kitu kingine, tairi la nyuma linazungusha ekseli, ekseli inazungusha difu, difu inazungusha propela, lile bomba refu chini ya gari, na propela imeingia moja kwa moja kwenye shafti ya kutokea ya giaboksi. Kwahiyo nyuma kunazunguka na mbele kumelala, na oili yote iko chini kwenye sampu, ile trei ya giaboksi, imetulia. Ni sawa na kukimbiza mashine ya kusaga bila grisi halafu ukasema hakuna tatizo kwasababu ndani hujaweka mahindi.

Tupige hesabu kidogo, msikimbie ni rahisi. Tairi la pikapu linazunguka mara mia nne na kitu kwa kila kilomita moja. Difu za pikapu nyingi ni karibu 4 kwa 1, yaani tairi likizunguka mara moja propela imeshazunguka kama mara nne. Kwahiyo kila kilomita propela inazunguka zaidi ya mara 1,600. Ukivutwa kwa spidi 60, kilomita moja unaimaliza kwa dakika moja, maana yake shafti inapiga mizunguko 1,600 kwa dakika na haipati hata tone la oili yenye presha. Nyutro imefanya nini hapo? Imeachia klachi za ndani zisishike, basi. Bushi, beringi na zile gia ndogo za sayari zinazunguka kavu.

Niwape hii ya Mikumi, waliokwisha kuisikia wavumilie. Kuna jamaa alikuwa na dabo kabini yake ya petroli, inayoendeshwa matairi ya nyuma tu, anatoka Iringa kuja Morogoro. Mlima Kitonga kashuka salama, kafika katikati ya hifadhi ya Mikumi gari ikakata. Ukipiga stata inazungusha vizuri lakini haiwaki. Mnajua pale huwezi kushuka ukaanza kufungua boneti unapiga mluzi, simba hajui kama wewe una shida. Akasimamisha Fuso, dereva muungwana, wakafunga kamba, wakatoka. Mpaka hapo mimi simlaumu mtu, kutoka hifadhini ilikuwa lazima, na wangetoka taratibu wakapaki sehemu yenye watu ningempongeza. Tatizo wakishatoka wakaangaliana wakasema si inaenda vizuri tu, twende Morogoro. Ile ni safari ndefu jamani. Na dereva wa Fuso ana mzigo wa nyanya unaomsubiri, kwahiyo sehemu tambarare anakanyaga 80, jamaa huku nyuma kashika usukani mzito kama nini, kiyoyozi hakuna, anatoka jasho, na gia iko nyutro roho safi kabisa.

Wamefika gereji kwetu jioni. Kijana akaangalia akakuta rilei ya pampu ya mafuta imeungua. Rilei! Kitu cha bei ya chipsi mayai. Angepiga simu kwa fundi yeyote mwenye akili angeambiwa abadilishane na rilei ya honi kama zinafanana na gari ingewaka palepale. Wakaweka rilei, injini ikawaka safi, kila mtu kafurahi, mpaka mzee mwenye gari akaweka D. Gari haijatikisika. Akaweka R, ikasogea kidogo kama inafikiria halafu ikaacha. Akaongeza resi, injini inalia gari imesimama. Nikachomoa dipstiki ya oili ya giaboksi, harufu peke yake ilitosha. Oili ya oto ikiwa nzima ni nyekundu, hii ilikuwa kahawia inaelekea weusi na inanuka kuungua. Tukashusha sampu, mle ndani huwa kuna sumaku ndogo za kukamata unga wa chuma, unga kidogo ni kawaida, lakini hizi zilikuwa zimeota ndevu. Bushi ya nyuma imeyeyuka imeng'ang'ania shafti.

Huyu mzee anauliza swali moja tu, anarudia, "lakini fundi niliweka nyutro". Nikamwambia naona uliweka. Akanunua giaboksi nyingine, ya mtumba.

Sasa mtu wa kwanza akinyoosha mkono namjua anachosema: mbona mimi nilivutwa kutoka Chalinze mpaka Mbezi na gari mpaka leo inadunda? Hongera. Kuna giaboksi zinavumilia kuliko nyingine, na labda ulivutwa taratibu, na labda imeshaanza kuchelewa kuingiza gia ya pili wewe unadhani ni baridi. Hata watengenezaji hawajasema usivute hata mita moja. Vitabu vya Volkswagen na Mercedes nyingi vinasema 50 kwa 50, yaani isizidi spidi 50 na isizidi kilomita 50. Vingine vinabana zaidi ya hapo, spidi 30. Kitabu kipo ndani ya dashibodi, hakijawahi kufunguliwa, kama ni cha Kijapani mpe mtoto akupigie picha atafsiri kwa simu. Kuna vinavyosema usiivute kabisa na hicho ndio utii.

Wa pili ni wazee, nao wananiambia zamani gari za oto tulikuwa tunazisukuma zinawaka. Ni kweli! Gari kadhaa za Kimarekani mpaka katikati ya miaka ya 1960 zilikuwa na pampu ya pili huku nyuma, inazungushwa na shafti ya kutokea. Matairi yakizunguka nayo inapiga oili, ndio maana ukisukuma gari inapata presha inawaka. Wakaja kuiondoa. Pikapu uliyoagiza juzi haina hiyo pampu, kwahiyo ushauri wa babu ulikuwa sahihi kwa gari ya babu.

Wa tatu ndio ananiudhi, anasema basi tuongeze oili mpaka ijae itarukaruka yenyewe. Ukiiwasha halafu umesahau kuipunguza inatoka povu, na povu halina presha. Acha.

Na injini ikiwaka je? Kama injini inawaka na giaboksi ni nzima, ukiiacha sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyaga mafuta, na gia nyutro pampu inazunguka, hapo iko salama zaidi. Lakini kama injini inawaka na giaboksi ni nzima unavutwa unaenda wapi?

Haya, brekidauni. Hapa naomba msikilize kwasababu unalipa hela yako kuharibiwa gari yako. Vijana wa brekidauni wanapenda kunyanyua mbele, ni rahisi na usukani hausumbui. Kwa IST sawa kabisa, inavutwa na matairi ya mbele, ukiyanyanyua umemaliza. Pikapu yako inaendeshwa na ya nyuma! Wakinyanyua mbele, ya nyuma yako chini yanazungusha propela kilomita zote hizo, ni yaleyale ya Fuso ila sasa una risiti. Mwambie anyanyue nyuma, na usukani ufungwe na mkanda unyooke, usitegemee loki ya usukani. Au ile ya kulaza bodi ipakiwe nzima, hiyo ndio sahihi kwa gari yoyote, na ukilinganisha na bei ya giaboksi utaona sio ghali.

Kama brekidauni hakuna, uko Ruaha Mbuyuni huko saa kumi na mbili jioni, chomoa propela. Usiogope neno. Upande wa difu kwa kawaida ni nati nne. Weka alama kwa chaki au kwa msumari kwenye flenji zote mbili ili irudi ilivyokuwa, la sivyo itakutetemesha mwili mzima. Fungua, iteremshe, kama ina beringi ya katikati fungua na hiyo, zile za kuchomeka kwenye mkia wa giaboksi ukizitoa oili itamwagika, funga mfuko wa plastiki na mpira wa tairi ubane kweli. Ukishatoa propela matairi hayana mawasiliano na giaboksi. Ila na P nayo haina kazi tena! P inashika shafti ya giaboksi, na shafti hujaiunganisha na kitu. Weka jiwe kabla hujaingia chini, hendibreki peke yake usiiamini.

Foo wili nitakwenda haraka muda umekwisha. Kama ina transfa, ile inayogawa nguvu kwenda matairi ya mbele na ya nyuma, yenye N yake, weka hiyo N, giaboksi inatengana na matairi. Wamarekani wanavuta Jeep Wrangler nyuma ya mabasi yao ya kuishi maelfu ya kilomita hivyo, transfa N na giaboksi P, lakini kitabu cha gari yako ndio kinaruhusu au kinakataa, sio cha Jeep. Pikapu ya kuzungusha kitufe isiyo na N, hakikisha iko kwenye matairi mawili kisha toa propela ya nyuma, ikiwa imekwama kwenye manne toa zote mbili. Ya manne muda wote ipakie, tusibishane.

Mengine, betri ikifa gia haitoki P, tafuta kale katundu karibu na gia kameandikwa SHIFT LOCK, bonyeza na bisibisi huku umekanyaga breki. Funguo iwe ACC usukani usijifunge ukiwa kwenye kona. Breki utakanyaga mara mbili tatu zitakuwa ngumu, ujiandae mguu. Kamba ifungwe kwenye ndoano ya kuvutia, sio bampa, sio tai rodi, na kitambaa chekundu katikati ya kamba watu waione. Hazadi washa kama betri ipo.

Wenye maswali ya Prado tukutane pale nje kwenye chai, na yule aliyeuliza kuhusu kirikuu, ya kwako ni manyuo, gia za mkono, kunywa chai.