Kiganja cha Mvuvi: Mhadhara Uliotolewa Kisumu

Asanteni. Nimepewa dakika ishirini na mwenyekiti ametumia tano kunisifu, kwa hivyo niingie moja kwa moja.

Mnaonijua mnajua nitaanzia wapi: mikono ya mjomba wangu. Chekeni, lakini leo kuna wageni.

Mjomba ni mvuvi wa omena pale Dunga. Ukimpa mkono unadhani umeshika gome la mti. Chini ya kila kidole, pale kamba ya wavu inapopita, pana sugu ya manjano, ngumu kama kucha. Nikiwa mtoto nilimwona akiokota kaa la moto lililoanguka, akalirudisha jikoni kwa vidole, huku mazungumzo yanaendelea. Halafu mwaka mmoja akavunjika mguu, akakaa nyumbani miezi minne. Nilipoenda kumjulia hali, nilishika mkono laini kama wa karani. Mwenyewe aliuonea haya, akaurudisha chini ya shuka upesi. Alipopona akarudi ziwani, na siku za mwanzo ni malengelenge matupu. Baada ya miezi kadhaa sugu zilikuwa zimerudi, palepale, kidole kwa kidole.

Shahada yangu nzima ya uzamifu ni swali hilo: seli za kiganja zilijuaje kwamba kamba imerudi?

Kuna mtu hapa anasema moyoni, huo ni msuguano tu, ngozi imekauka. Haya, tazama akala ulizovaa. Ukizitembelea zinalika. Mguu ulio ndani yake umetembea mwendo uleule na umeota sugu! Mpira unapungua, wewe unaongezeka. Au chukua ngoma. Ngozi yake imekauka kuliko kiganja cha mvuvi yeyote, lakini pale inapopigwa kila siku haioti chochote, inachakaa hadi inapasuka. Sugu inajengwa na seli hai zilizo chini, ambazo huzaana haraka kuliko kawaida na kupanda juu zikiwa zimejaa keratini, ile protini ngumu ya kucha na nywele. Za juu zimekufa, sawa. Zilizopokea habari ya kamba ziko chini, na zi hai.

Ndiyo maana nagombana na walimu wa Kiswahili. Tunasema mwizi sugu, mtoto sugu, tukimaanisha mtu asiyesikia la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Tumemwonea sugu bure. Hapana mahali mkononi palipoisikia kamba kama pale.

Sasa, inasikiaje? Wengi hukimbilia mishipa ya fahamu. Mishipa ipo, sikatai, lakini seli ya ngozi ikitengwa peke yake kwenye sahani ya maabara, bila mshipa hata mmoja, bado ukiivuta inajibu. Mwaka 2010, Bertrand Coste na Ardem Patapoutian, kule California, walikuwa na seli ambazo zikibonyezwa kwa ncha ya pipeti, kijibomba chembamba cha kioo, hutoa mkondo mdogo wa umeme. Wakaorodhesha jeni 72 za kushukiwa, wakawa wanazizima moja baada ya nyingine. Moja, bure. Hamsini, bure. Sabini na moja, bure. Walipozima ya 72, seli ikawa kiziwi. Wanafunzi wa uzamifu mnaotaka kuacha kwenye jaribio la nne, mko hapa? Protini hiyo wakaiita Piezo1. Imekaa kwenye utando wa seli kama bakuli. Utando ukivutwa, bakuli linatandazika, katikati panafunguka, kalisiamu inaingia. Patapoutian akapata Nobeli mwaka 2021, pamoja na David Julius.

Mimi nilikuwa nikipanda seli za tabaka la ndani la ngozi juu ya utando wa silikoni, naufunga kwenye mashine inayouvuta kwa asilimia 10 na kuulegeza, usiku kucha. Jioni seli zimelala ovyo ovyo. Asubuhi unaangalia kwenye hadubini, zote zimegeuka, zimekingama na mvuto, kama ng'ombe wanapoipa mvua mgongo. Mara ya kwanza nilidhani nimekosea sahani.

Mwenyekiti ananionyesha vidole viwili. Haya. Madaktari huingiza puto chini ya ngozi, wakalijaza maji ya chumvi kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, na ngozi mpya huota ya kufunika jeraha la moto. Keloidi, yale makovu yanayovimba kupita mipaka ya jeraha, hupenda kifua na mabega, ngozi inapovutwa kila siku. Mtaniuliza, na za masikio je? Ndewe haivutwi na kitu, najua, na jambo hilo linaniudhi. Mvuto hauelezi kila kitu, urithi nao umo. Michirizi ya uzazi naiacha.

Na kabla hamjauliza: hapana, sina krimu ya kuuza.

Naona mzee pale mbele ameinua mkono, na hata kutoka hapa naujua ni wa jembe. Uliza, baba, lakini usiondoke kabla sijaushika.