Msumari Peke Yake Haushiki Paa

Asalaam aleikum. Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, kaka zangu, vijana mliosimama mlangoni, ingieni ndani, viti vipo.

Kwenye ratiba nimeandikiwa mada saba za kujiandaa na kimbunga: paa, madirisha, maji, chakula, nyaraka, vyombo vya uvuvi na huduma ya kwanza. Nitaanza na paa. Wanaonifahamu wameshaanza kucheka, wanajua nikianza na paa hayo mengine yatapata dakika za jioni. Haya, chekeni. Nyumba iliyokwenda na paa haina mahali pa kuweka hayo maji wala hizo nyaraka.

Kimbunga ni nini sitaeleza, redio imeeleza vya kutosha. Ila kuna neno nalisikia kila msimu: "Hao wa hali ya hewa wanatutisha tu. Mwaka 2019 walituambia Kenneth inakuja, tukahama, haikuja. Mwaka 2021 wakasema Jobo, ikafia baharini." Ndugu yangu, Kenneth ilikuja. Tarehe 25 Aprili 2019 ilitua Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma, na upepo wa zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Hao ni jamaa zetu, lugha moja, harusi moja. Kimbunga kikipinda kidogo tu kikiwa bado mbali baharini, kinatua mji mwingine kabisa. Na Hidaya ya Mei 2024 je? Ilifika Mafia ikiwa imeshadhoofika, na bado mvua yake ikakata barabara pale Somanga, sisi wa kusini tukabaki upande huu na Dar es Salaam upande ule. Wazee wa Lindi nao wana habari za kimbunga cha Aprili 1952, waulizeni kabla hawajaondoka.

Na msijilinganishe na Dar. Karibu na ikweta, chini ya nyuzi tano hivi za latitudo, kimbunga hakipati mzunguko wa kukijenga. Dar iko karibu nyuzi saba. Lindi na Mtwara tuko kwenye kumi. Kadiri unavyoshuka kusini ndivyo unavyolikaribia lango lenyewe.

Sasa paa. Ukimuuliza mtu kwa nini anadhani paa lake litakaa, atakwambia, "Zito lile, mbao za mninga." Tufanye hesabu. Upepo wa kilomita 120 kwa saa, ambao ndio kwanza umeingia daraja la kimbunga kamili, una nguvu ya karibu kilo 65 kwa kila mita moja ya mraba. Ukipita juu ya paa hausukumi chini. Unanyonya kwenda juu, na pembeni na kwenye kona unanyonya kwa nguvu zaidi kuliko katikati. Chukua nyumba ya mita 8 kwa 10, mita 80 za mraba. Zidisha: tani tano na ushee zinavuta kwenda juu. Paa lenyewe lina uzito gani? Bati la geji 30, geji ndiyo kipimo cha unene, halifiki kilo 3 kwa mita ya mraba. Jumlisha kenchi, zile fremu za mbao zinazobeba paa, na papi, zile mbao zinazopigiliwa bati, una tani moja, haya, tuseme mbili. Nani atashinda hapo?

Na upepo ukiongezeka mara mbili, nguvu haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne. Kwa hiyo anayesema "nyumba yangu ilihimili upepo wa kilomita 60, haina shida" amejaribiwa robo tu ya mtihani.

Basi kinacholiweka paa mahali pake ni kufungwa. Bati lifungwe kwenye papi, papi kwenye kenchi, kenchi kwenye ukuta, ukuta kwenye msingi. Panapolegea mahali pamoja tu, paa huondokea hapo, hata kama pengine pote umemwaga pesa.

Tuanze juu. Bati la migongo hupigwa msumari kwenye mgongo, siyo bondeni, kwa sababu bondeni ndiko maji yanakopita. Katikati ya paa piga kila mgongo wa pili. Lakini kwenye ukingo wa chini, kwenye kofia kule juu paa linapokutana na kwenye ncha za pembeni, piga kila mgongo. Mafundi wengi wanafanya kinyume: kote wanaruka migongo mitatu minne, eti misumari imekwisha. Msumari uwe wa inchi tatu. Mgongo wa bati una kimo cha karibu milimita 18, papi ya inchi mbili ni milimita 50, jumla 68. Msumari wa inchi mbili na nusu una milimita 63, haufiki hata upande wa pili. Wa inchi tatu unatokeza, na ile ncha unaipinda. Msumari uliopindwa chini ya papi hautoki kirahisi. Usiopindwa umeshikwa na msuguano tu, na mbao ikikauka msuguano hupungua. Msumari wenye shina lililosokotwa ni bora kuliko laini, na skrubu yenye mpira ni bora kuliko vyote viwili. Bei yake mnaijua.

Geji: namba ikipanda, bati linapungua unene. Geji 28 ni nene kuliko 30. Bati jembamba haling'oki pamoja na msumari, linachanika kuzunguka kichwa cha msumari, unakuta misumari yote imebaki kwenye papi na bati liko shamba la jirani.

Papi zisiachane zaidi ya sentimita 90, na mita moja ya kwanza kutoka ukingoni ziwe karibu zaidi, 60 hivi. Upenu usizidi sentimita 45 kutoka ukutani. Najua mnapenda upenu mrefu, unaleta kivuli. Unaleta pia upepo kutoka chini, na upepo wa chini ukikutana na unyonyaji wa juu, hapo ndipo paa huanza kufunuka. Baraza nayo: msiunganishe bati la baraza na bati la nyumba kipande kimoja. Baraza ni mwavuli, upepo utaigeuza tu. Ikiwa imejengwa peke yake, chini kidogo ya paa kubwa, itaondoka yenyewe. Ikiwa imeunganishwa, itaondoka na sebule.

Sasa tumefika kwenye kenchi na ukuta, na hapa ndipo nyumba nyingi za mji huu zina kasoro. Fundi anaweka mbao juu ya ukuta, anaweka kenchi juu ya mbao, anapiga msumari mshazari wa inchi nne, anashuka. Ile mbao ya ukutani imeshikwa na nini? Mara nyingi haijashikwa na kitu, imekalia tu udongo wa sementi. Nyumba ile ya mita 10, kenchi zikipishana mita moja na robo, ni kenchi tisa, ncha kumi na nane. Gawa zile tani tano. Kila ncha inavutwa kwa karibu kilo 290. Toa uzito wa paa lenyewe, inabaki kama 200. Sasa niambieni kama msumari mshazari utaning'iniza magunia mawili ya mahindi kwa saa nne huku unatikiswa.

Kwa anayejenga sasa, kazi ni rahisi. Kabla ya kumwaga zege la linta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, panda nondo za milimita 8, zimepindwa kulabu chini ya nondo za linta, moja kila itakapokaa kenchi, zibaki zimetokeza za kutosha kuzunguka mbao. Kenchi ikikaa, nondo inapindwa juu yake na kupigiwa misumari. Linta izunguke nyumba nzima, isiishie juu ya madirisha tu.

Kwa nyumba iliyokwisha kuezekwa, msiniambie haiwezekani. Toboa ukuta chini ya linta, sambamba na kenchi. Kama hakuna linta, hesabu kozi tatu, yaani safu tatu za tofali, kutoka juu, toboa hapo. Kozi tatu za tofali la inchi sita, kwa upana wa kenchi moja hadi nyingine, zina uzito wa kama kilo 250. Huo ndio uzito unaoukopesha paa lako. Kozi moja haitoshi, itanyanyuka na kenchi. Pitisha waya mnene wa milimita 3 au 4 uliopakwa zinki, zungusha mara mbili, upite juu ya kenchi, urudi ndani. Kwa nje weka kipande cha nondo kukingama tundu ili waya usilikate tofali. Kisha sokota kwa kipande cha chuma mpaka ukaze. Ukisikia unalia, acha, ukizidisha utakatika. Ule waya mwembamba wa kufungia nondo hapana. Kwa chumvi ya Mikindani na Shangani hautachukua miaka kabla kutu haijaula.

Halafu mtu huyo huyo anayesema waya ni gharama, ukiingia sebuleni kwake dari ni la jipsamu, lina maua na taa za rangi tatu.

Nyumba za udongo na makuti zisidhaniwe hazina dawa. Nguzo ziingie ardhini sentimita 60 mpaka 90. Kila boriti la paa lifungwe kwenye nguzo, siyo kwenye fito. Kamba zilizooza zibadilishwe kabla ya Novemba. Onyo likitoka, tupa wavu mkuukuu juu ya makuti, funga kamba zake kwenye vigingi pande zote. Kwa bati, mifuko ya mchanga miwili miwili iliyounganishwa kwa kamba na kutandazwa pande zote mbili za kofia inasaidia kwa dharura. Mawe, matairi na vinu vibovu juu ya paa, shusheni leo. Havizuii bati, na likiondoka vinamfuata jirani.

Madirisha. Kuna imani kwamba ukifungua dirisha upepo utapita na nyumba itapona. Siyo kweli. Upepo ukiingia na usipate pa kutokea haraka, unasukuma paa kutoka ndani wakati nje linanyonywa. Nguvu mbili, upande mmoja. Fungeni kote. Kioo kikingwe kwa mbao au plaiwudi ya milimita 12, ipigwe kwa skrubu kwenye fremu. Nondo za dirisha zinazuia mwizi, nazi inayoruka hazijui. Na kwa kuwa nimetaja nazi: minazi iliyo karibu na nyumba iangueni nazi na makuti makavu mapema, miembe na mikorosho ikatwe matawi yaliyokufa. Siku ya onyo siyo siku ya kupanda mnazi.

Jambo moja la wavuvi, hili sitalikimbia. Upande wetu wa dunia kimbunga huzunguka kama mshale wa saa. Kikitua kusini kwetu, kama Kenneth, sisi tuko kaskazini yake, upepo unatoka bara kwenda baharini. Kikitua kaskazini, kama Hidaya, upepo unatoka baharini na unaleta maji. Kwa hiyo mtu wa Msimbati au Sudi akisikia "kinaelekea Kilwa" asishangilie, huyo ndiye bahari itakayemjia. Tazama pia mwezi: ikiwa bamvua, maji yanapanda juu ya maji. Ngalawa na mitumbwi ipandishwe juu ya alama ya bamvua kubwa, mashine ivuliwe, chombo kifungwe kwenye mti wenye mizizi hai. Na jicho likipita juu yenu patakuwa shwari ghafla, hata jua. Msitoke. Upepo utarudi kutoka upande wa pili, na kitu kilichokwisha kulegezwa upande mmoja huondokea hapo.

Naonyeshwa saa. Haya, haraka.

Maji: kunywa na kupikia, weka lita tano kwa mtu kwa siku. Watu sita, siku tatu, ni lita 90, madumu matano ya lita 20. Kwa kuwa Somanga imetufundisha kuhusu barabara, chakula kiwe cha siku saba, hasa kisichohitaji kupikwa sana. Kisima kikifunikwa na mafuriko, maji yake yachemshwe mpaka yatokote dakika nzima, au tumia vidonge vya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti.

Jiko la mkaa lisiwashwe ndani ya nyumba iliyofungwa, hata kwa chai ya mgonjwa. Hewa yake haina harufu, mnalala hamuamki. Jenereta vivyo hivyo. Pikeni kabla.

Nyaraka: mifuko ya plastiki ilishapigwa marufuku, tumia ndoo ya rangi yenye mfuniko unaobana. Hati ya kiwanja, vyeti, kadi za kliniki, betri ya akiba. Simu zichajiwe mara tu onyo likitoka, umeme ukikatika ndiyo basi. Swichi kuu mzime wenyewe kabla ya upepo, na asubuhi yake waya ulioanguka usiguswe hata kama mtaa mzima ni giza.

Huduma ya kwanza muuguzi atazungumza wiki ijayo, ni bora kuliko mimi kuibabaisha.

Naona mkono kule nyuma. Bati la rangi? Rangi haihusiki, mama yangu. Muulize muuzaji geji, kisha pima mwenyewe, maana namba iliyobandikwa na unene wa bati wakati mwingine ni vitu viwili.