Mapigano ya Anga ya Uingereza, 1940: Saa Yenye Rangi Tatu

KASSIM: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Leo tulipanga kueleza chanzo cha Mapigano ya Anga ya Uingereza ya mwaka 1940, matokeo yake, na mafunzo matatu ambayo nimeyaandika hapa kwenye karatasi. Hata hivyo, Dada Mwanaidi alikwenda Uxbridge wiki hii, magharibi mwa London, na tangu hapo amekuwa akinitumia picha za saa ya ukutani. Dada, tuanze na hiyo saa ili upate kutulia.

MWANAIDI: Ahsante, Kaka Kassim. Nilishuka ngazi 76 hadi kwenye chumba cha chini ya ardhi ambamo Keith Park, kamanda mzaliwa wa New Zealand, aliongoza Kundi la 11 lililolinda London na kusini-mashariki mwa Uingereza. Katikati ipo meza kubwa yenye ramani, na juu yake ipo saa ambayo uso wake umegawanywa katika vipande vya dakika tano tano, chekundu, cha manjano na cha buluu, vikifuatana hadi mduara ukamilike. Habari ya ndege za adui ilipofika kwa simu, wanawake wa jeshi la anga walisukuma kibao mezani kwa fimbo ndefu, nacho kikavikwa mshale wa rangi ambayo mkono wa saa ulikuwa ukiionyesha wakati huo.

KASSIM: Kwa hiyo kamanda aliyekaa juu alijua umri wa habari kwa kutazama rangi tu, bila kumuuliza mtu.

MWANAIDI: Ndivyo. Habari iliyozeeka iliondolewa mezani. Wasikilizaji wanakufahamu, kaka: ukisema uko njiani, bado unatafuta viatu. Park angekuondoa mezani kabla hujafunga mlango.

KASSIM: Foleni ya Dar es Salaam haina rangi tatu, dada. Turudi kwenye chanzo. Ufaransa ilisalimu amri Juni 1940, Hitler akatarajia kwamba Uingereza ingeomba suluhu, na Waziri Mkuu wake, Churchill, alipokataa, amri ikatolewa tarehe 16 Julai ya kuandaa uvamizi wa kuvuka bahari. Jeshi la majini la Ujerumani lilikuwa limepoteza meli nyingi huko Norway, hivyo uvamizi usingewezekana bila kwanza kulivunja jeshi la anga la Uingereza, na kazi hiyo Göring, kamanda wa jeshi la anga la Ujerumani, akaichukua kwa majigambo.

MWANAIDI: Majigambo yaliyotokana na habari mbovu. Mara kwa mara wapelelezi wake walimwambia kwamba Waingereza wamebakiwa na ndege chache za kivita, wakati viwanda vya Uingereza vilikuwa vikitengeneza ndege za namna hiyo karibu mara mbili ya vile vya Ujerumani. Göring hakuwa na saa ya rangi.

KASSIM: Nilijua tutarudi kwenye saa.

MWANAIDI: Tutarudi kwa sababu jibu liko hapo. Rada za pwani ziliziona ndege zikiwa bado upande wa Ufaransa. Habari ilikwenda Bentley Priory, kwenye makao makuu ya Hugh Dowding, kamanda mkuu wa ndege za kivita za Uingereza, ikachujwa, kisha ikashushwa Uxbridge na kwenye viwanja vya ndege. Zilipovuka pwani, rada hazikuweza kuzifuata, kwa hiyo watazamaji wenye darubini walizihesabu kwa macho na kupiga simu. Marubani hawakuzurura angani wakimaliza mafuta. Walirushwa pale tu palipokuwa na mtu wa kukabiliana naye. Mfumo huo ndio uliowashinda Wajerumani.

KASSIM: Hapo sikubaliani nawe hata kidogo. Mfumo ulikuwa unakaribia kuvunjika. Kati ya tarehe 24 Agosti na 6 Septemba, Waingereza walipoteza marubani 103 waliouawa na 128 waliojeruhiwa vibaya, na kiwanja cha Biggin Hill kilipigwa hadi chumba chake cha operesheni kikaharibiwa. Kisha, baada ya Berlin kushambuliwa usiku, Hitler na Göring wakaacha viwanja na kugeukia London tarehe 7 Septemba. Zawadi hiyo ndiyo iliyowaokoa.

MWANAIDI: Ingekuwa zawadi kama Wajerumani nao hawakuwa wakimalizika. Rubani wa Kiingereza aliyeruka kwa mwavuli aliangukia nyumbani, akaweza kurudi kazini. Wa Kijerumani aliangukia kifungoni. Na kama viwanja vya kusini vingefungwa, Dowding angevirudisha vikosi kaskazini ya London na kuendelea kupigana.

KASSIM: Angevirudisha, naam, lakini vingechelewa kufika pwani, na wewe mwenyewe umetueleza thamani ya dakika tano. Tena, Messerschmitt 109, ndege za kivita za Kijerumani zilizolinda ndege za mabomu, zilikuwa na mafuta ya kukaa juu ya London kwa takriban dakika kumi tu. Kulenga London kulikuwa kuzinyima ndege za mabomu ulinzi wake.

MWANAIDI: Hilo la mafuta nalijua, lakini halithibitishi kwamba wangeshinda kwingine. Tarehe 15 Septemba Churchill alikuwa kwenye chumba kile cha Uxbridge, akauliza kuhusu vikosi vya akiba, Park akajibu kwamba hakuna. Hata hivyo mashambulizi yalizimwa.

KASSIM: Na jioni Waingereza wakatangaza kwamba wameangusha ndege 185, ilhali idadi halisi ilikuwa kama 60. Hiyo ilikuwa habari ya rangi gani?

MWANAIDI: Buluu, manjano na nyekundu kwa pamoja. Lakini siku mbili baadaye Hitler aliahirisha uvamizi.

KASSIM: Kwa sababu ya London.

MWANAIDI: Kwa sababu ya mfumo, kaka.

KASSIM: Fundi mitambo ananionyesha kwamba tumebakiwa na dakika mbili. Mafunzo yangu matatu...

MWANAIDI: Hayatoshi humo. Afadhali tuseme kwamba Wajerumani walihamia mashambulizi ya usiku hadi Mei 1941, yakaua raia zaidi ya 40,000, na kwamba Dowding, ambaye mfumo wake haukuweza kuwanasa gizani, aliondolewa madarakani Novemba 1940.

KASSIM: Aliondolewa pia kwa sababu ya ugomvi wa makamanda kuhusu kuunganisha vikosi kuwa makundi makubwa kabla ya kumkabili adui, na hapo nina hoja ndefu dhidi yako.

MWANAIDI: Ilete Jumanne, na ujitahidi kuwahi.