Maji Kwanza, Kokoto Baadaye: Mhadhara kwa Kamati za Njia za Miguu na Baiskeli

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kuja. Faida za kutembea na kuendesha baiskeli sitazitaja, maana aliyefika hapa hahitaji kushawishiwa. Nina neno moja, nimelisema katika vikao vingi, na nitalirudia mpaka litangulie kwenye ajenda za kamati zetu: kinachoharibu njia ni maji. Viatu na magurudumu vinalaumiwa bure.

Tazameni bajeti ya kamati yoyote. Mtakuta kokoto, vibao, mabenchi na sherehe ya uzinduzi. Fungu la kupima mteremko halimo. Mvua kubwa ya kwanza ikishapita, kokoto zinaokotwa chini ya kilima, na kamati inaandika barua kuomba kokoto nyingine! Hapo ndipo ninapokosa subira, kwa sababu kosa lilifanyika siku njia ilipochorwa, kabla hata jembe moja halijagusa ardhi.

Kuna namba mbili za kujua. Ya kwanza ni mwinuko wa njia yenyewe: ukienda mita 100 ukawa umepanda mita 10, huo ni mwinuko wa asilimia 10. Ya pili ni mwinuko wa ubavu wa kilima, yaani ardhi inavyoshuka mahali hapo ukiifuata wima, kule ambako jiwe lingebingirika. Kanuni iliyoenezwa na IMBA, shirika la waendesha baiskeli za milimani lililoanzishwa Marekani mwaka 1988, inasema mwinuko wa njia usizidi nusu ya mwinuko wa ubavu. Ubavu ukiwa na asilimia 30, njia isizidi 15. Ubavu ukiwa na 12, mwisho ni 6. Sababu yake ni hii: maji hufuata upande unaoshuka zaidi. Njia ikiwa tambarare kuliko ubavu, maji huivuka na kwenda zake. Ikikaribia ukali wa ubavu, maji huigeuza kuwa mfereji. Na mwendo wa maji ukiongezeka mara mbili, nishati yake huongezeka mara nne, kwa hiyo mfereji huo hauchelewi kuwa korongo.

Msije mkaisoma kanuni hiyo nusunusu. Ubavu wa asilimia 60 haukupi ruhusa ya kupandisha njia kwa asilimia 30. Wastani wa njia nzima ubaki kwenye 10 au chini yake, maana udongo mwingi hauhimili zaidi. Vipande vifupi vya 15 vinavumilika penye mwamba. Mkitaka na mwenye kiti cha magurudumu apite, shukeni hadi 5.

Najua kuna mtu anajisemea, "Mbona ile njia ya wazee inapanda kilima moja kwa moja na ipo miaka yote?" Ipo, ndiyo. Ingia ndani yake uone imefikia wapi. Mizizi inaning'inia pembeni, sakafu yake iko chini ya ardhi ya pande zote mbili, na watu wameacha kupita katikati, wanapita kwenye kingo na kuipanua kila mwaka. Njia ikishazama hivyo maji hayana mlango wa kutokea, na hakuna kokoto itakayoyatengenezea mlango. Ifungeni, mchore nyingine ubavuni. Na kufunga si kusimika kibao. Lazima mkwatue udongo ulioshindiliwa, mpange vizuizi vya mawe au magogo kukata korongo ili vikamate udongo, mpande mimea ya hapohapo, na mzibe midomo yote miwili kwa matawi na vichaka kiasi kwamba anayekuja asiione kabisa. Akiiona, ataipita.

Kupima hakuhitaji mashine. Chukueni kamba ya mita 10, pimamaji ndogo ya kuning'iniza katikati ya kamba, na mti mnyoofu uliotiwa alama za sentimita. Mmoja anashikilia kamba chini kabisa, usawa wa ardhi, upande wa juu. Mwenzake anasimama upande wa chini na kupandisha ncha yake kwenye mti mpaka povu la pimamaji likae katikati. Wa tatu asome povu, kwa sababu aliye mwishoni mwa kamba halioni. Kamba ikikutana na mti kwenye sentimita 100, mwinuko ni asilimia 10. Kwenye 80, ni asilimia 8. Kamba isilegee, maana ikipinda katikati pimamaji itawadanganya.

Chorea njia kwenye 8, usichoree kwenye 10. Mkianza kuchimba mtakutana na jiwe au mti mkubwa ambao haukuonekana, na ile 2 iliyobaki ndiyo itakayowapa nafasi ya kuukwepa. Kwanza wekeni alama mahali ambapo njia lazima ipite, kama kivuko cha barabara au daraja, na mahali ambapo isipite, kama bwawa la matope au shamba la mtu. Halafu fanyeni hesabu: tofauti ya kimo kati ya alama mbili, gawa kwa 0.08. Kupanda mita 40 kunadai njia ya mita 500. Mkiwa na umbali wa mita 250 tu kwenye ramani, njia itabidi izunguke, na kubishana kikaoni hakutabadilisha hesabu. Pigeni vigingi kila mita 10, kwenye kona karibu zaidi, kisha mvipitie kwa miguu kwenda na kurudi kabla ya kuchimba. Mstari unaoonekana mzuri wakati wa kupanda unaweza kuwa na kona ya hatari kwa anayeshuka na baiskeli.

Sasa uso wa njia. Ukingo wa nje uwe chini kidogo kuliko wa ndani: sentimita 3 hadi 5 kwa kila mita ya upana, ili maji yavuke. Kila fundi anaifanya hiyo, na kila fundi anaipoteza. Miguu na magurudumu hukandamiza katikati, udongo husukumwa pembeni, na baada ya misimu miwili kuna kituta kwenye ukingo wa nje na njia imekuwa kama kihori. Kinachookoa njia hapo ni kibonde cha maji. Njia inaposhuka, ifanyeni ipande kidogo, mita tatu au nne hivi, hadi kilele kiwe karibu sentimita 30 juu ya kibonde, kisha iendelee kushuka. Maji hayapandi. Yakifika kibondeni yanatoka nje. Sakafu ya kibonde iinamishwe nje zaidi, na mlango wake uwe na upana wa mita moja au zaidi, kwa sababu mlango mwembamba huzibwa na majani. Wekeni vibonde kila mita 6 hadi 15, karibu zaidi penye mteremko mkali na udongo laini. Na viwe kwenye vigingi tangu mwanzo! Kibonde kinachoongezwa baadaye kwenye njia iliyonyooka huishia kuwa tuta la kurusha watu.

Wapo wanaouliza kwa nini wasilaze gogo mshazari njiani ili kugeuza maji, kama zamani. Gogo linafanya kazi msimu mmoja. Mchanga hujaa nyuma yake, maji huliruka na kuchimba upande wa pili, gogo hubaki limeinuka na kuteleza. Mwendesha baiskeli halivuki, anazunguka ncha yake, na tairi lake linachimba mfereji mpya hasa pale gogo lilipoishia. Mwenye magogo tayari asiyang'oe yote kwa siku moja. Aanze na lililojaa mchanga, atengeneze kibonde mita chache juu yake, kisha aliondoe.

Katika kuchimba ubavuni, upana wote wa njia ukae juu ya ardhi iliyokatwa. Tamaa ya kupunguza kazi huwafanya watu wakate nusu na kujaza nusu kwa udongo waliouchimba, na ile nusu iliyojazwa hutitia, kisha huteleza na kushuka. Udongo uliochimbwa tawanyeni mbali upande wa chini, msiuache ukingoni. Ubavu ukiwa na asilimia 40, njia ya upana wa mita moja inadai kukata ukuta wa sentimita 40 upande wa kilima, na zaidi mkiulaza ukuta huo, na lazima muulaze, maana ukuta uliosimama wima utaporomokea njiani. Ondoeni majani yaliyooza na mizizi mpaka mkute udongo mgumu wenyewe. Udongo mweusi wa juu hunyonya maji na kugeuka tope.

Tambarare je? Watu wanaipenda kwa kudhani ni rahisi, kumbe ndiyo ngumu, kwa kuwa maji hayana pa kwenda. Hapo njia iinuliwe sentimita 15 hadi 30 juu ya ardhi, mitaro pande zote mbili, mgongo katikati. Chini itandikwe kitambaa cha kutenganisha tope na kokoto, la sivyo kokoto zitamezwa. Hapa, na hapa tu, ndipo kokoto zinapopata zamu yao, na ziwe za kupondwa, zenye vumbi lake. Kokoto za mviringo za mtoni hazishikani hata mkishindilia mwaka mzima. Mwageni tabaka la sentimita 7 hadi 10, lilowesheni kidogo, shindilieni, kisha tabaka la pili. Kalvati, yaani bomba la kupitisha maji chini ya njia, isiwe chini ya sentimita 30 kwa kipenyo, kwa sababu ndogo zaidi huziba na koleo haliingii kuisafisha.

Kuhusu lami: inafaa kwenye njia ya watu wengi wa kila siku. Lakini haifuti hesabu ya maji. Inayakusanya na kuyatupa ukingoni, na ukingo ukiliwa lami huning'inia kisha huvunjika.

Muda umekwenda, na bado nilikuwa na mengi, kwa hiyo nitayapitia haraka. Njia ya pamoja ya waenda kwa miguu na baiskeli, upana wa mita 3 pakiwa na watu wengi. Matawi yakatwe hadi mita 2.5 juu, kwani mwendesha baiskeli ni mrefu kuliko mnavyodhani. Baiskeli inayokwenda kilomita 20 kwa saa hula karibu mita 20 tangu macho yaone hadi magurudumu yasimame, basi kona isiyoonekana umbali huo ifyekwe, au mwendo upunguzwe kwa kupinda njia kabla yake. Kibao cha "punguza mwendo" hakipunguzi mwendo. Mbao za daraja zikate mwelekeo wa safari, kamwe zisiufuate, tairi litanasa. Nguzo za kuzuia magari ziachane mita 1.5. Kwenye njia panda mshale na umbali, na alama nyingine mita 50 mbele ya kumthibitishia mtu kwamba hakukosea. Kuhusu mikato kwenye kona kali: watu hukata pale wanapoiona sehemu ya njia iliyo chini ya kona, kwa hiyo kona iwekwe nyuma ya mwamba au kichaka kinene.

Matunzo ni mara mbili kwa mwaka, kabla ya mvua na baada yake: vunjeni kituta cha ukingo wa nje, safisheni milango ya vibonde, toeni mchanga kwenye makalvati. Na mtu mmoja wa kamati aipitie njia mvua ikiwa inanyesha, akiwa na vigingi mkononi, akipiga kimoja kila mahali maji yanapoingia njiani na kingine yanapotoka. Siku ya jua hayo hayaonekani.

Maswali tutajibizana huko nje. Kamba na pimamaji ziko mlangoni. Gawanyikeni watatu watatu, kila kundi lipime kwanza ubavu, kisha njia, na lilete namba zote mbili.