Kaunta ya Sushi Ginza: Ya Kujua Kabla Hujaketi

Habari zenu ndugu zangu wa nyumbani, na nyinyi mlioko huku ughaibuni. Leo tuko Tokyo, mtaa wa Ginza, na habari yetu ni moja: kuketi kwenye kaunta ya sushi ya hadhi ya juu, ile ya omakase. Neno hilo maana yake "nakuachia wewe". Menyu hakuna. Mpishi anachagua, anakufinyangia tonge moja moja mbele ya macho yako, na kwa saa moja na nusu hadi mbili utakula matonge 12 mpaka 20, ukitanguliziwa vitafunio vichache.

Tulitazame tonge lenyewe kwanza, maana sheria karibu zote za pale ndani zinatoka humo. Wali wake umetiwa siki na chumvi, na unatunzwa kwenye joto linalokaribia la mwili wa binadamu. Samaki wa juu ana ubaridi kidogo. Fundi hodari haubani wali ukashikana kama ugali: anaukaza kwa nje, ndani anaacha hewa. Ndiyo maana tonge likishatua kwenye sahani, ukilikodolea macho, utaona linashuka kidogo, kama mtu anayejiweka sawa kitini. Kuanzia hapo una sekunde chache tu. Wali ukipoa unakuwa mgumu. Kama limezungushiwa mwani mkavu, mwani unanyonya unyevu, na badala ya kukatika kwa mlio unavutika kama ngozi. Ni kama mahamri: yaliyotoka karaini sasa hivi na yaliyolala si kitu kimoja. Kwa hiyo picha ni moja, ya haraka, bila mwanga wa flashi, na baada ya kuomba ruhusa. Video kwingi hawakubali.

Kuweka nafasi. Viti ni 8 au 10 tu, na wote mnaanza pamoja. Ukiandikiwa 18:00, hiyo ni saa 12 jioni. Usije ukachanganya na saa ya Kiswahili ukajikuta umepoteza chakula na pesa. Fika dakika 5 au 10 kabla. Ukichelewa, mpishi hawezi kuwasimamisha wenzako, na matonge yaliyopita yamepita. Ukighairi siku ileile, kwa kawaida kadi yako inakatwa bei nzima. Wengi wanapitia tovuti kama TableCheck, au wanamwomba mhudumu wa mapokezi ya hoteli apige simu.

Bei ya usiku Ginza mara nyingi ni yeni 20,000 hadi 50,000 kwa mtu. Soma maandishi madogo. Yeni 30,000 ikiongezwa huduma asilimia 10 inakuwa 33,000, kisha kodi asilimia 10 inaifikisha 36,300, na vinywaji bado. Chai ya kijani kwa kawaida hailipiwi. Mwenye bajeti ndogo atafute chakula cha mchana. Mara nyingi bei inashuka hadi nusu, na mpishi anaweza kuwa yuleyule.

Kwa Waislamu hapa naomba mnisikilize vizuri. Nguruwe si tatizo kubwa kwenye kaunta ya sushi. Tatizo ni pombe ndani ya viungo. Mchuzi unaopakwa juu ya samaki, unaoitwa "nikiri" kwa Kijapani, ni soya iliyochemshwa na mirin (pombe tamu ya mchele ya kupikia) au sake (pombe ya mchele), na mirin ina kilevi asilimia 14 hivi. Yai linaloletwa mwisho na mchuzi mtamu wa mkunga navyo mara nyingi vina mirin. Siki nyekundu wanayoipenda mafundi wa mtindo wa Edo, jina la zamani la Tokyo, inatokana na machicha ya sake. Vyote hivyo huandaliwa mapema, kwa hiyo ukiuliza ukiwa umeshakaa umechelewa. Uliza wakati wa kuweka nafasi, na mkahawa ukijibu kwamba hauwezi, shukuru na utafute mwingine. Mzio wa kamba au kaa nao utaje hapohapo unapoweka nafasi.

Manukato usipake hata tone. Na nguo iliyofukizwa udi iache nyumbani: chumba ni kidogo, na samaki mweupe ana harufu nyepesi mno, udi unaifunika kwa watu wote 8. Vua saa ya chuma na bangili, kwani kaunta nyingi ni mbao ya hinoki isiyopakwa vanishi, inachubuka upesi. Simu pia usiilaze juu yake.

Kitaulo cha moto ni cha mikono, si cha uso. Sisi tuliozoea kula kwa mkono tuna raha, maana kula nigiri, yaani tonge hilo la wali na samaki, kwa mkono kunakubalika kabisa: shika ubavuni kwa kidole gumba na cha kati, cha shahada juu, lote mdomoni kwa mara moja. Ukiona ni kubwa, sema "shari sukuname", wali utapunguzwa. Soya usiongeze, tayari imepakwa kwa brashi, na wasabi, kile kiungo kikali cha kijani, imo ndani. Ukipewa kisahani cha soya, chovya ncha ya samaki. Wali ukigusa soya unainywa, na tonge linasambaratika. Tangawizi ni ya kusafisha ulimi kati ya tonge na tonge, haiwekwi juu. Ukitumia vijiti, usivisimike kwenye wali wala usimpokeze mtu chakula kijiti kwa kijiti; yote mawili ni ya msibani.

Mara nyingi huanza samaki weupe na ngisi, halafu jodari: akami, chutoro, otoro, mafuta yakizidi kila hatua. Utamsikia mpishi akisema "saba". Hahesabu, saba ni kibua. Karibu na mwisho anakuja mkunga wa baharini, kisha yai.

Hapa watu wa pwani tunashangaa: samaki wa leo si lazima awe bora. Jodari hulazwa kwenye baridi siku kadhaa, nyama ilainike na utamu ukolee. Vibua hukolezwa chumvi na siki, mbinu ya tangu Edo ya karne ya 19, sushi ilipouzwa vibandani na barafu hakuna. Lakini usijaribu nyumbani na kibua wa sokoni. Anaweza kuwa na mnyoo wa anisakisi, na siki haimuui mnyoo huyo. Anakufa samaki akigandishwa nyuzi 20 chini ya sifuri mpaka ndani kabisa, saa 24 au zaidi, au akipikwa vizuri.

Kulipa, sema "okaikei onegaishimasu". Utasikia wengine wakisema "oaiso". Hilo ni neno la wafanyakazi, mgeni halitumii. Bahashishi haitolewi, na pesa usimpe mpishi mkononi, mikono yake inagusa chakula. Sema "gochisosama deshita", yaani asante kwa chakula, inuka mapema, kwani zamu ya saa 2 na nusu usiku wanasubiri. Mpishi akikusindikiza hadi mlangoni, inama kidogo na uende. Atabaki ameinama mpaka upinde kona.