Kipara na mabuti sio chama: mhadhara kuhusu The Analogs wa Szczecin

Haya jamani tuanze, huko nyuma mnanisikia? Poa. Wanaonijua wanajua ntaanzia wapi, maana kila nikitaja The Analogs, bendi ya panki ya Poland, lazima mtu anyooshe mkono, "si ni wale vipara, maskinhead wa kunyoa nywele na kuvaa mabuti, manazi wa Poland?" Leo namjibu kabla hajauliza, nimechoka.

Vipara wa mwanzo kabisa, Uingereza mwishoni mwa miaka ya 60, walikuwa vijana wa kizungu wa familia za wafanyakazi, wamekua mtaa mmoja na watoto wa Wajamaika, usiku wanacheza ska na reggae, miziki ya Jamaika, pamoja. Symarip, waliopiga Skinhead Moonstomp, ilikuwa bendi ya watu weusi. Weusi! Manazi wamedandia baadaye, miaka ya 70 inaisha, National Front, chama cha wabaguzi wa rangi wa Uingereza, ikawa inazunguka viwanja vya mpira na kwenye shoo kusaka vijana wenye hasira, na ikawapata wengi tu, hapo sibishi. Na wewe mjuaji unayetaka kusema Southall, subiri. Ndio, Julai 1981, shoo ya Oi!, ile panki ya mtaani inayopendwa na vipara, imepelekwa kwenye baa katikati ya mtaa wa Waasia pale London, fujo zikaanza, vijana wa mtaa wakaichoma baa, na mi siwalaumu hata kidogo. Lakini ndo kila mwenye kipara duniani ahukumiwe kwa usiku ule? Kwa hesabu hiyo hata mimi hapa sina nywele, nikamatwe basi.

Sasa twende Poland. The Analogs wameanza 1995 pale Szczecin, mwaka uliofuata wakatoa albamu ya Oi! Młodzież, na kipindi hicho Poland ilikuwa na manazi wa ukweli, wanawavizia mapanki na kuwapiga, kwa hiyo bendi ya mapanki kuja na Oi! lazima watu washtuke. Ila sikiliza wanachoimba: mtaa, polisi, kukosa kazi, masela walioishia pabaya. Na hao mnaowaita wahuni wasiosoma, mwaka 2000 albamu yao waliiita Hlaskover Rock. Hłasko! Marek Hłasko, mwandishi aliyewahi kuendesha malori, akaandika maisha ya wafanyakazi bila kuyapaka sukari wakati serikali inataka hadithi za furaha viwandani, akaondoka nchini 1958, akafia Wiesbaden 1969. Niambieni nazi gani anakaa kufikiria Hłasko.

Afu mji wenyewe mnausahau. Ukitaja migomo ya wafanyakazi Poland, kila mtu Gdańsk, Gdańsk, na Wałęsa aliyeongoza mgomo wa kule. Szczecin nao ni mji wa meli, na mpaka 1945 ulikuwa wa Wajerumani, yaani karibu kila familia pale imehamia. Desemba 1970 bei za chakula zikapanda, wafanyakazi wa kiwanda cha meli wakaingia barabarani, wakachoma jengo la chama cha kikomunisti, wakapigwa risasi, watu 16 wakafa. Agosti 1980 wakagoma tena mpaka serikali ikakubali kukaa nao, Szczecin wamesaini makubaliano tarehe 30, Gdańsk tarehe 31, nani anakumbuka? Halafu ukomunisti ukaanguka, soko huria likaja, na katikati ya miaka ya 90 wasio na kazi Poland walipita asilimia 15. Hao waliojazana mbele ya jukwaa wakiruka na mabuti yao ni watoto wa wale waliogoma. Baba alishinda, mtoto hana kazi. Mwaka 2002 kampuni ya kutengeneza meli nayo ikafilisika. Mnataka waimbe mapenzi?

Naonyeshwa saa, sawa sawa. Nilitaka kueleza Jimmy Jazz Records, lebo ya hukohuko Szczecin iliyotoa kazi zao, na jinsi kaseti zilivyokuwa zinapita mkono kwa mkono bila redio wala tivii, ila hiyo itabidi niikimbize. Mbinu hawakuibuni wao. Wakati wa ukomunisti Dezerter, bendi ya panki ya Warsaw, walioanza 1981 wakijiita SS-20, jina la makombora ya Warusi, ikabidi walibadilishe, na mashairi yote ya kuimba jukwaani yalipita kwanza kwa wakaguzi wa serikali. Shoo yao ya 1984 kwenye tamasha la roki la Jarocin ikatoka kwenye kaseti kimyakimya, watu wakarekodiana nyumbani. Mashabiki walishajifunza kujisambazia wenyewe kabla The Analogs hawajazaliwa kama bendi.

Kuna mkono umenyooka kule. Kama ni la vipara tena, ushushe.