Pama, filimbi na shuka jeupe: kuwachezesha watoto historia ya watu weusi

REHEMA: Haya karibuni tena jamani, mimi Rehema niko na kaka Juma, na leo tunaongea na wazazi wenzetu tunaolea huku Marekani maana Februari ndo hii, mwezi wa historia ya watu weusi, mtoto anarudi na karatasi ya kupaka rangi ya Rosa Parks, anapaka, tunabandika kwenye friji, basi imeisha.

JUMA: Na ukimuuliza huyu mama alifanya nini anakwambia alichoka akakaa. Wangu kanijibu hivyohivyo! Wakati mama yule alikuwa katibu wa NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, pale Montgomery, Alabama, miaka kibao kabla ya siku ile aliyokataa kumpisha mzungu kiti kwenye basi.

REHEMA: Ndo nikaamua niwachezeshe. Jumamosi walikuwa wanne, wangu wawili na wawili wa jirani, nikapanga viti vya mezani vikawa meli, nikatoa pama langu nililokuja nalo kutoka Tanga, filimbi na shuka jeupe, nikawaambia leo tunamcheza Robert Smalls.

JUMA: Wasimulie wasiomjua, dada.

REHEMA: Smalls alikuwa mtumwa kule Charleston, South Carolina. Mwaka 1862 vita vya wenyewe kwa wenyewe vimepamba moto, yeye ana miaka 23, anashika usukani wa meli inaitwa Planter, meli ya jeshi la Kusini, wale waliopigania utumwa ubaki. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Mei maofisa wazungu watatu wakashuka kwenda kulala mjini. Basi yeye na wenzake wakawasha boila wakaondoka, wakapitia kuwachukua wake zao na watoto waliokuwa wamejificha, akavaa pama la kapteni, akasimama vilevile anavyosimama kapteni, giza bado, anapita ngome moja baada ya nyingine anapiga ishara ya filimbi wanamwachia, mpaka Fort Sumter yenyewe. Walipotoka nje ya mizinga wakapandisha shuka jeupe ili manowari za Kaskazini, waliokuwa wanapigana na Kusini, zisiwapige.

JUMA: Na baadaye akaingia bungeni Washington, na nyumba ya bwana wake wa zamani kule Beaufort akainunua!

REHEMA: Akainunua. Sasa mimi nilikuwa ngome, nimezima taa, niko mlangoni namulika tochi. Aliyevaa pama ni binti yangu wa miaka 7, limemfunika mpaka nyusi, filimbi iko mdomoni lakini hapigi, ananiangalia tu, wenzake nyuma ya viti wameshikana mikono, hata yule mtundu wao kimya kabisa. Ndo akapiga, mbili ndefu moja fupi kama tulivyokubaliana, nikasema piteni. Kaka, walipiga kelele jirani akasikia! Halafu usiku nikimfunika shuka lilelile akaniuliza, mama, na wale ambao hawakuwepo kwenye meli?

JUMA: Ukamjibuje?

REHEMA: Nikamwambia walibaki, na Smalls alirudi kupigana na lile jeshi mpaka utumwa ukakoma. Sikumficha.

JUMA: Hapo nataka nikazie, maana kuna michezo inayoumiza. Mtoto wa rafiki yangu shuleni kwao walilazwa chini wamebanana eti wajue meli ya watumwa ilikuwaje, mtoto kakaa wiki nzima hataki kwenda shule, na darasani mweusi ni yeye na mwenzake mmoja. Ile siyo elimu, ni kumdhalilisha mtoto mbele ya wenzake.

REHEMA: Kwangu hakuna anayecheza mtumwa wala anayecheza bwana. Wanapewa kazi ileile waliyokuwa nayo wale watu, tutapitaje hapa, nani afanye nini. Mateso nawasimulia nikiwa nimewakalisha karibu, siyo kuyachezesha.

JUMA: Basi mimi nina wazo la Montgomery, kwa mama Parks. Siyo ile sehemu ya kuamrishwa simama, hapana, ile iliyofuata. Watu weusi kama elfu 40 wamegoma kupanda basi na kesho asubuhi kuna kazi, watafikaje? Mwanzoni teksi za weusi zikabeba kwa senti 10, sawa na nauli ya basi, serikali ya mji ikakataza, wakapanga magari yao wenyewe, vituo, zamu, makanisa yakaleta magari, wengine wakatembea, siku 381! Nawachorea mji kwenye kadibodi, vitufe vya shati ndo abiria, kila gari libebe watano, halafu katikati ya mchezo mimi polisi nalizuia gari moja.

REHEMA: Na lazima wapange upya! Ndivyo hasa wenyewe walivyokuwa wanasumbuliwa barabarani. Magari ya kuchezea unayo?

JUMA: Ninayo 9.

REHEMA: Nakuletea ya kwangu 6 na watoto wote wanne, Jumamosi saa nne asubuhi tuko kwako.